Kutoka Debe hadi Mninga: Magitaa ya Mkono ya Vilima vya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Waya wa breki ya baiskeli, ule wa ndani, kwa kawaida umesokotwa kwa nyuzi 19 za chuma. Ukikatika, mwenye baiskeli huutupa. Fundi wa magitaa huuokota, akaufungua msokoto taratibu kwa koleo, na mkononi akabaki na nyuzi zenye unene wa karibu theluthi moja ya milimita, sawa na uzi wa kwanza wa gitaa la chuma linalouzwa dukani. Waya wa klachi ya pikipiki una nyuzi nene kidogo. Hizo hufaa kwa uzi wa pili na wa tatu. Hivyo ndivyo magitaa yanavyofungwa nyuzi katika vijiji vya kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya ziwa, Malawi, bila fundi kukanyaga duka la muziki.

Zamani haikuwa hivyo. Baiskeli nzito za miaka ya 1950 zilikuwa na breki za fito za chuma, si za waya, kwa hiyo fundi wa wakati ule alitafuta kwingine: mshipi wa kuvulia samaki, waya wa simu, au nyaya zinazobaki majivuni tairi la gari likichomwa. Ndiyo maana gitaa la mkono linaweza kusomwa kama hati. Tazama mwili wake, shingo yake na nyuzi zake, utajua lilizaliwa zama gani na ni biashara gani iliyokuwa ikipita njia hiyo. Kwa Mbinga na mwambao wa Nyasa hati ya namna hii ina thamani kubwa. Maofisa wa kikoloni waliandika kurasa nyingi kuhusu kahawa, tumbaku, kodi na vibarua. Kijana aliyekuwa akitoboa debe nyuma ya nyumba ya baba yake hakuwahusu.

Namswea ni moja ya kata za Mbinga, katika nchi ya kahawa na ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili mvua isiburute udongo. Vilima vya Wamatengo viko kati ya mita 1,300 na 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, lakini kahawa, samaki na ngoma zilikuwa zikipanda na kushuka miteremko hiyo kabla hakujawa na wilaya yoyote. Kwa mtengeneza ala, tofauti hiyo ya kimo si jambo la ramani tu. Mbao iliyokaushwa juu kwenye baridi hubadilika umbo ikishushwa kwenye joto na unyevu wa ziwani, na chombo kilichounganishwa vibaya huachia gundi.

Kabla gitaa halijafika, ukanda huu ulishajua mambo manne ambayo kila mtengeneza gitaa lazima ayajue: ubao, mvutano wa uzi, mwili mtupu wa kukuza sauti, na mtetemo. Wahehe na Wabena walikuwa na ligombo, ubao uliochimbwa mithili ya hori, nyuzi zake zikipita juu ya uwazi. Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, aliurekodi mlio wake Iringa mwaka 1950. Upande wa Malawi kulikuwa na bangwe, ubao bapa wenye uzi mmoja mrefu unaopita tundu kwa tundu, kwenda na kurudi, hadi unakuwa nyuzi saba au nane. Mpigaji huuingiza ubao huo ndani ya kibuyu kikubwa au debe ili sauti ipate tumbo. Kwa hiyo debe lilianza kuimba kabla halijawa gitaa. Kitu ambacho gitaa liliongeza ni shingo yenye freti, yaani wazo kwamba uzi mmoja ukibanwa mahali mbalimbali unaweza kutoa sauti kumi na mbili na zaidi.

Mwambao wa ziwa, hata hivyo, ulikuwa na shule nyingine ya ufundi, na hiyo inastahili kusimuliwa kwa kirefu: mganda.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume waliopitia KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, au waliobeba mizigo ya vita walirudi nyumbani na kumbukumbu ya bendi za matarumbeta na gwaride. Pwani ya Bahari ya Hindi kumbukumbu ya aina hiyo ilikuwa tayari imezaa ngoma ya beni. Ziwani ilizaa mganda, na upande wa Malawi malipenga. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, aliifuatilia beni na ndugu zake hawa kwa makini, akaonyesha kwamba watu hawakuwa wakiiga tu wazungu; walikuwa wakijenga vyama, vyeo, misaada ya mazishi na ushindani wa kijiji kwa kijiji. Wachezaji walipanga safu wakiwa na sare nadhifu, wakaenda kwa hatua moja, wakafuata ngoma kubwa.

Tarumbeta za shaba hazikuwapo. Vibuyu vilikuwapo.

Kibuyu cha mganda hakipulizwi. Mchezaji huimba ndani yake. Fundi huchagua vibuyu vyenye shingo na tumbo vinavyooana, akavikata, akaviunga kimoja na kingine hadi chombo kinapata umbo la tarumbeta yenye mdomo mpana. Karibu na mahali pa kuimbia hutoboa tundu dogo, na juu yake hubandika utando mwembamba unaotolewa kwenye mfuko wa mayai ya buibui. Sauti ya mtu ikipita, utando unatetema na kuigeuza sauti ya koo kuwa mlio mkali wenye mkwaruzo. Kibuyu kifupi hutoa sauti ya juu. Kirefu na kinene hutoa besi. Kwa hiyo fundi wa mganda hakutengeneza chombo kimoja. Alitengeneza bendi nzima, kila kibuyu kikiwa na nafasi yake, na ilimbidi apange mavuno ya shamba lake la vibuyu akiwa anafikiria sauti. Kijana aliyekulia karibu na mtu wa namna hiyo alijifunza mapema kwamba ala ya kigeni inaweza kuvunjwa vipande kichwani na kujengwa upya kwa vitu vya nyumbani. Gitaa lilipofika, lilikuta mikono iliyo tayari.

Lilifika kwa miguu. Kusini kabisa mwa bara, tangu karne ya 18, wageni waliofika Rasi ya Tumaini Jema waliandika kuhusu ramkie, chombo cha Wakhoi chenye nyuzi tatu au nne, kilichotokana na magitaa ya Wareno na watumwa wao kisha kikatengenezwa kwa kibuyu, na baadaye kwa bati. Wazulu walikuja kuwa na igogogo, gitaa la kopo la mafuta la lita tano. Shiyani Ngcobo, mwanamuziki wa maskanda aliyefariki mwaka 2011, aliwahi kulipeleka hadi majukwaa ya Ulaya. Kuna jambo la kuzingatia hapa kwa msomaji wa Ruvuma. Wangoni walivuka Zambezi mwaka 1835 wakitoka huko huko kusini, wakaja kutawala nchi ya Songea. Zaidi ya karne moja baadaye vitukuu vyao, pamoja na Wamatengo, Wanyasa na Wamanda, walirudi kusini kama vibarua, wakiandikishwa na shirika la WENELA kwa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, hadi Tanganyika ilipopata Uhuru na serikali ikaufunga mlango huo. Wengi zaidi walikwenda manamba. Wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, na Songea ikawa moja ya visima vyao vikubwa vya watu. Kijana wa Mbinga alipandishwa lori, akashushwa Tanga, Korogwe au Morogoro, akakata mkonge, na jioni akasikia dansi.

Mijini dansi lilikuwa limeshaota mizizi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Askari waliorudi kutoka vitani Burma mwaka 1945 waliongeza hamu. Aliyemaliza mkataba wake wa mkonge au wa mgodi alirudi na blanketi, sufuria, pengine cherehani. Wachache walirudi na gitaa. Wengi walirudi na wazo la gitaa tu, umbo na mlio uliokaa kichwani, na wazo hilo halikutozwa ushuru mpakani.

Magitaa ya dukani yaliyozunguka sana kusini na katikati ya Afrika wakati huo yalikuwa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, yakiitwa Gallotone. Yalikuwa ya bei nafuu, ya mbao za plaiwudi, yasiyo na heshima kwa wapigaji wakubwa. Moja lilivuka bahari na kumfikia kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon, na ndilo alilokuwa akilipiga Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa. Septemba 1999 gitaa hilo liliuzwa kwa pauni 140,000 katika mnada wa Sotheby's jijini London. Jambo hili ni muhimu katika historia hii kwa sababu moja: gitaa lililomwanzisha Lennon ni la tabaka lilelile ambalo mchimba madini wa Nyasaland (Malawi ya leo) au Songea angeweza kulikusudia. Tofauti ni kwamba Liverpool uzi ulipokatika, duka lilikuwa karibu.

Kutoka magharibi ulikuja mkondo mwingine. Mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, na sahani zake zikasambaa Afrika Mashariki yote. Mwenda aliimba Kiswahili, akapiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, lakini msikilizaji aliapa kwamba watu wawili wanapiga. Mwaka 1959 alikuwa Nairobi akitangaza dawa ya Aspro kwenye redio. Redio zenyewe zilikuwa zimeshaanza kufika vijijini: kuanzia mwaka 1949 kituo cha Lusaka kiliwasambazia wasikilizaji wa Rhodesia na Nyasaland redio ya betri iliyotengenezwa kwa umbo la sufuria, na Dar es Salaam ilianza matangazo yake mwaka 1951. Kwa fundi wa gitaa la debe, redio ilibadilisha kazi. Kabla ya hapo ilitosha chombo kilie. Sasa ilibidi kilie kama cha Mwenda.

Hapo ndipo ugumu wenyewe wa ufundi unapoanza.

Mtu anaweza kutengeneza mwili wa gitaa kwa debe la mafuta kwa nusu siku. Shingo ni habari nyingine. Uzi wenye urefu wa sentimita 65 ukitaka kupanda nusu sauti, freti ya kwanza lazima ikae takribani milimita 36 na nusu kutoka kichwani mwa shingo. Ya tano inakaa kwenye sentimita 16.3. Ya kumi na mbili inakaa katikati kabisa, sentimita 32.5, na hapo uzi hutoa sauti ileile ya mwanzo, ila juu zaidi. Nafasi kati ya freti moja na nyingine zinapungua kwa uwiano usiobadilika, na mtengenezaji wa kiwandani hugawa urefu uliobaki kwa 17.817 kila mara. Fundi wa kijijini hana haja ya hesabu hiyo akipata gitaa la dukani la kuazima kwa siku moja: huchukua kijiti kilichonyooka, akakilaza kando ya shingo, akakikata alama kila penye freti. Kijiti hicho ndicho mali yake kubwa. Lakini kina mtego ambao umewashinda wengi. Alama zake ni za kweli kwa urefu ule mmoja tu. Akitengeneza gitaa fupi zaidi kwa sababu ubao haukutosha, kisha akatumia kijiti kilekile, kila sauti itakwenda kombo, na hakuna kutyuni kutakakoiponya. Walioligundua hilo bila kusoma hesabu walifanya kitu ambacho watengenezaji wa Ulaya walihitaji vizazi kadhaa kukiweka sawa.

Mvutano nao hauna huruma. Nyuzi sita za chuma zikikazwa ipasavyo huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Debe la bati litajikunja. Shingo ya mti laini itapinda kama upinde, na nyuzi zitainuka mbali na freti mpaka vidole viume. Ndiyo sababu magitaa mengi ya debe na yale yanayoitwa banjo katika ukanda wa ziwa yana nyuzi tatu au nne tu. Watu hudhani ni umaskini wa nyuzi. Kwa kweli ni uamuzi wa kihandisi: fundi alipunguza mzigo hadi mahali ambapo vifaa vyake vingeweza kuubeba, kisha akabadilisha namna ya kutyuni ili nyuzi hizo chache zitoe wimbo kamili. Mandolini, yenye jozi nne za nyuzi, ina shida hiyo mara mbili, na ni wachache mno waliothubutu kuijenga kwa mkono vijijini.

Kutoka debe kwenda kwenye gitaa la mbao kulihitaji zana na elimu ya kuunga mbao, na huko Ruvuma elimu hiyo ilikuwa na anwani. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni yao iliteketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na karakana zake zikakua hadi zikafundisha vizazi vya maseremala wa mkoa mzima: randa, patasi, msumeno mwembamba, gundi, namna ya kuunganisha pembe bila msumari. Vitanda, milango, madawati na madirisha ya mkoa yalitoka katika mikono ya namna hiyo. Seremala aliyejua kupinda mbao kwa mvuke na kuunga pembe ya kabati alikuwa na nusu ya ujuzi wa mtengeneza gitaa. Nusu ya pili aliipata sikioni. Hata Kanisa lenyewe lilikuja kumtengenezea soko, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ulifungua mlango wa ala za kienyeji na nyinginezo ibadani, na kwaya za parokia zikaanza kutafuta wapigaji, na wapigaji wakatafuta vyombo.

Ng'ambo ya maji wakati huo kulikuwa na moto. Meli ya Ilala, iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1951, ilifunga gati bandari za Nyasaland na kuna nyakati ilivuka hadi Mbamba Bay, na pamoja na mahindi na samaki ilibeba nyimbo. Kwela ya Johannesburg, iliyopigwa kwa filimbi ya bati, ilikuwa imepita Salisbury (Harare ya leo) na kuingia Blantyre. Ndugu wawili wa kijiji cha Singano, Daniel Kachamba aliyezaliwa 1947 na Donald aliyezaliwa 1953, walijifunza muziki huo utotoni wazazi wao walipokuwa Salisbury, wakarudi nao nyumbani: gitaa, filimbi, njuga, na besi ya uzi mmoja iliyofungwa kwenye sanduku la majani ya chai. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amezunguka kusini mwa Tanganyika na kinasa sauti chake, alikutana nao mwaka 1967, na baadaye wakapiga pamoja Ulaya. Daniel alifariki mwaka 1987, Donald mwaka 2001. Besi yao ya sanduku ni ndugu wa chombo ambacho leo kinaitwa babatoni.

Babatoni ina mpigaji wake maarufu karibu kabisa na Mbinga, kwa kipimo cha ziwa. Gasper Nali anatoka Nkhata Bay, bandari inayotazamana na Mbamba Bay. Chombo chake alikitengeneza mwenyewe: mti mrefu kama mita tatu, ngoma ya ngozi ya ng'ombe mwishoni, uzi mmoja, chupa ya kubania, kijiti cha kupigia, na ngoma ya kukanyagwa kwa mguu. Mwaka 2015 video yake iliangaliwa na mamilioni ya watu duniani. Watazamaji wengi wa mbali walishangazwa na chupa. Waliokulia kando ya ziwa hili waliona zaidi ukubwa wa ngoma ile, na jinsi uzi mnene unavyohitaji tumbo kubwa ili besi isikike uwanjani bila umeme.

Upande wa Tanzania historia ilichukua njia nyingine. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni akiwa na nia ya kurudisha heshima ya ngoma za asili. Dansi liliendelea, lakini bendi zake kubwa zikawa za mashirika: NUTA, Jeshi, Polisi, JKT. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji wa solo aliyeimbwa nchi nzima angeweza kustaafu bila kumiliki gitaa hata moja. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikawa adimu, na katika miaka ya 1980 uzi wa gitaa ulikuwa kitu cha kutafutwa kwa barua na kwa mabaharia. Wilaya iliyo mwisho wa barabara kama Mbinga ilipata nini katika mgao huo? Karibu hakuna. Kwa hiyo miaka hiyo ya ukame wa vyombo ilikuwa kwa mafundi wa debe na mbao miaka ya kazi nyingi. Kijana aliyetaka kujifunza hakuwa na mlango mwingine.

Kazi hiyo haikuwahi kumlisha mtu peke yake. Fundi alikuwa mkulima wa kahawa au mvuvi kwanza, seremala wa pili, mtengeneza magitaa wa tatu, na oda zilikuja pesa za kahawa zilipoingia, baada ya mavuno ya kiangazi. Bei ilipatanwa, mara nyingi sehemu ikilipwa kwa mahindi au kuku. Hata hivyo kuna ushahidi kwamba ufundi huu unaweza kusimama wenyewe mahali penye wapigaji wengi. Kinshasa yuko Misoko Nzalayala, anayejulikana zaidi kama Socklo, ambaye kwa miongo kadhaa amejenga magitaa kwa mkono kwenye karakana yake ya mtaani, na wanamuziki wa jiji hilo wakayapiga jukwaani. Hakusubiri kiwanda. Alikuwa na jiji lenye njaa ya magitaa.

Mbinga haina jiji. Ina miti, na hapa pana jambo linalouma.

Mpingo wa misitu ya kusini, Lindi, Mtwara na mashariki mwa Ruvuma, ni kati ya mbao nzito zaidi duniani. Kipande chake huzama majini. Klarineti na zumari za okestra za Ulaya zimetengenezwa kwa mpingo kwa zaidi ya karne moja, na watengenezaji wa magitaa huutaka kwa uso wa shingo na kwa madaraja. Mninga, ambao seremala wa Songea huutumia kwa milango na vitanda, ndio mti ambao Afrika Kusini huitwa kiaat, na kampuni aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954, African Musical Instruments, imekuwa ikiutumia kutengenezea kalimba zinazouzwa dunia nzima. Yule aliyekuja Iringa mwaka 1950 na kinasa sauti aliona mapema kwamba mbao hii inaimba. Wilayani Kilwa, vijiji kama Kikole viliunda misitu yao ya jamii na, kupitia shirika la MCDI, vikapata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, hivyo kijiji kikaanza kulipwa vizuri kwa gogo la mpingo. Hayo ni mafanikio ya kweli. Bado gogo linaondoka likiwa gogo au kipande kilichopasuliwa, na thamani yake kubwa inazaliwa mahali pengine.

Sheria za dunia kwa sasa ziko upande wa anayemaliza kazi nyumbani. Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliiweka jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, chini ya udhibiti, na kwa karibu miaka mitatu mwanamuziki aliyesafiri na klarineti yake alikuwa na wasiwasi wa forodha. Novemba 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo. Gogo na mbao zilibaki ndani yake. Maana yake gitaa lililokamilika Mbinga, lenye uso wa shingo wa mpingo, halihitaji kibali cha CITES, wakati ubao wa mpingo ule ule uliotumwa nje ili mtu mwingine auchonge unakihitaji.

Mwili wa gitaa kama hilo unaweza kupatikana bila kutoka Nyanda za Juu Kusini. Mgongo na mbavu ni mninga. Uso wa mbele, ambao lazima uwe mwepesi na wenye nyuzi zilizonyooka, unaweza kuchaguliwa katika paini za mashamba kama Sao Hill, Mufindi, ubao mmoja kati ya nyingi, uliopasuliwa ukielekea moyo wa mti. Freti na funguo za chuma zitanunuliwa Kariakoo, na hilo si aibu. Hata watengenezaji wadogo wa Marekani huzinunua. Kinachokosekana zaidi ni mbao kavu. Mbao zinazouzwa pembeni mwa barabara nyingi ni mbichi, na gitaa lililojengwa kwa mbao mbichi hupasuka uso kiangazi cha kwanza. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, mbao zikipangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite. Kipande cha shingo chenye sentimita tano, kikinunuliwa kwa pesa za kahawa za msimu huu, kitakuwa tayari kwa randa baada ya misimu miwili ya mavuno, na fundi anayetaka kutoa magitaa manne kwa mwaka anapaswa kuwa na shingo nane zinazokauka darini kwake wakati wote.